Mbwa kashindikana: pitia dalili hizi kabla hujamwita mwalimu

Simu za aina hii huja zaidi Jumatatu. Wikiendi mwenye nyumba kashinda nyumbani, kajionea yale ambayo shamba boi amekuwa akiyaona wiki nzima, na sasa anataka mtu aje leo hii. "Njoo umchukue mwezi mzima, ukimrudisha awe na adabu." Nimefundisha mbwa wa watu hapa Dar es Salaam kuanzia Kigamboni mpaka Bunju, na malalamiko yanafanana kiasi kwamba mtu hajamaliza kueleza, mimi ninajua getini nitakuta nini. Nimeyapanga hapa kwa dalili, na kwenye kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi, nikamalizia na kile cha nadra. Tatizo likiisha humu humu, umeokoa hela ya mwalimu. Lisipoisha, utamwita ukijua unamlipia nini.

Kwanza: ni tabia au ni ugonjwa?

Mbwa aliyekuwa mpole akageuka ndani ya siku mbili tatu si kazi ya mwalimu. Mpigie daktari wa mifugo. Ninachokihofia kuliko vyote ni kichaa cha mbwa. Sauti ya kubweka inabadilika, mate yanachuruzika, anashindwa kumeza, anang'ata mti, jiwe, hata mnyororo wake mwenyewe. Huyo wengi wanamjua. Wasiyemjua ni yule wa pili, aliyenyong'onyea, taya limelegea, miguu ya nyuma inayumba, kajificha uvunguni mwa gari. Watu hudhani amekwamwa na mfupa, wanamtia mkono mdomoni. Usimtie mkono. Mfungie hapo alipo, watoto wakae ndani, piga simu.

Akishamuuma au kumkwaruza mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 za saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Usipake mafuta ya taa wala dawa ya meno, na usisubiri kuona itakuwaje, maana dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mbwa naye asiuawe na kutupwa. Kama anaonekana mzima, afungiwe na daktari amwangalie kwa siku 10. Mbwa huchanjwa kichaa akifikisha miezi 3, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Mimi siingii ndani ya geti kabla sijaiona kadi.

Kuna na magonjwa madogo yanayovaa sura ya ujeuri. Nilipelekwa kwa mbwa mmoja Tabata aliyekuwa akimng'ata kila anayemshika kichwa, mwenyewe akaniambia "huyu ana dharau." Sikio la kushoto lilikuwa limeoza ndani, linatoa harufu. Kagua masikio, meno, katikati ya vidole ambako kupe hupenda kukaa, na ngozi. Kama ana ukurutu, usimpake oili chafu ya gari kama ilivyo desturi ya mafundi wengi wa uani. Inapenya kwenye ngozi, na akijilamba anaimeza. Ni sumu.

Anabweka usiku kucha

Chanzo cha kwanza, tena kwa mbali, ni ratiba yetu wenyewe. Mbwa anafungiwa bandani saa 12 asubuhi, analala joto lote la mchana, anafunguliwa saa 2 usiku akiwa amepumzika kuliko mtu yeyote mtaani. Mwenye nyumba ndiyo kwanza anaingia kitandani, mbwa ndiyo kwanza anaingia kazini.

Cha pili ni geti la nondo. Anaona kila bodaboda, kila mlevi, kila paka. Cha tatu anawajibu wenzake wa nyumba za jirani. Cha nne, hasa Goba, Salasala na kwingine kwenye miti, ni komba wanaocheza juu ya mwembe. Baada ya hapo ndipo nawaza jike lililoingia joto mtaani, na mwisho kabisa uzee, maana mbwa mkongwe huweza kupotewa na mchana na usiku.

Jaribio la kwanza halina gharama. Mpe mlinzi daftari aandike saa anayobweka, kwa siku tano. Kwa mteja mmoja wa Kimara daftari lilisema saa 10 na dakika 40 alfajiri, kila siku isipokuwa Jumapili. Alikuwa muuza mikate na baiskeli yake. Tukamwomba muuza mikate asimame siku chache, amrushie kipande kidogo kupitia chini ya geti. Wiki ya pili mbwa alikuwa anamsubiri kimya.

Jaribio la pili: ziba nusu ya chini ya geti kwa bati au turubai usiku tatu. Kelele zikipungua, chanzo umekipata. La tatu ndilo watu hulikwepa. Mtembeze nusu saa asubuhi kabla jua halijakolea na nusu saa jioni, wiki mbili mfululizo. Kuzunguka uani peke yake si matembezi. Na lami ya Dar mwezi wa pili, ukishindwa kuiwekea kiganja kwa sekunde saba, nyayo zake nazo hazitaiweza.

Anayelia pamoja na adhana au king'ora hana hitilafu. Anaitikia sauti ndefu, basi. Mzungushe uani kwa nyuma muda huo, kwa heshima ya majirani.

Anawarukia watu, ananguruma, anauma

Tuwatenganishe, maana hawa ni mbwa wawili tofauti.

Yule anayeruka mkia ukipepea na mwili umelegea anasalimia. Alipokuwa mdogo kila mtu alimchekea akiruka, sasa ana kilo 35. Msimsukume wala kumpigia kelele, kwa sababu kwake yote hayo ni mchezo. Geuka, mpe mgongo, mikono ikae kifuani. Miguu yake minne ikigusa chini, hapo ndipo apate salamu au kipande cha ini. Wote wa nyumbani wafanye hivyo, akiwemo yule mjomba anayependa kurukiwa. Usiseme pia kwamba ni jambo dogo. Jirani anayekwenda msikitini ana udhu wake. Mate ya mbwa yakimgusa kanzu, kwa mafundisho ya wengi wa pwani hii ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Kwako ni utani, kwake ni sala ya jamaa iliyompita. Nimeona ujirani wa miaka mingi ukivunjika kwa ajili hiyo.

Yule wa pili mwili umekakamaa. Sababu zake, kwa mpangilio wa ninavyozikuta:

Uoga. Mbwa wengi wanaoitwa "mkali" mjini hapa ni waoga. Dirisha la kuizoea dunia huwa wazi kuanzia takriban wiki ya 3 ya maisha mpaka ya 14 hivi. Mtoto wa mbwa aliyetumia wiki hizo ndani ya banda, bila kuona watoto, miavuli, fundi bomba wala mtu mwenye fimbo, akikua ataviogopa vyote, na mbwa mwoga asiye na pa kukimbilia huuma.

Mnyororo. Aliyefungwa mahali pamoja kila siku hujifunza kwamba kila anayekaribia anaweza kumfikia yeye, ilhali yeye hawezi kukimbia.

Kutengenezwa. Kuna wanaowalisha mbwa pilipili au bangi wawe wakali. Pilipili inamwunguza tumbo, bangi inamlevya na kumpa sumu mwilini. Hakuna ulinzi humo. Mlinzi mzuri ni mbwa anayejua nani ni wa humu na nani si wa humu, na hilo hufundishwa akili ikiwa timamu.

Maumivu, ambayo nimeshayasema. Mwisho ni damu ya ukoo. Ni kweli Boerboel na Rottweiler wamezaliwa na nguvu na moyo wa kulinda, lakini ninapoitwa kwa mmoja wao aliyeshindikana, mara nyingi nakuta pia chanzo cha kwanza au cha pili.

Angalia ngazi anazopanda kabla ya kuuma: anageuza uso, analamba midomo bila chakula, anaonyesha weupe wa jicho, anaganda, ananguruma. Kunguruma kusikukere. Ni honi. Ukimchapa kila akinguruma, umekata waya wa honi na breki bado mbovu, na siku nyingine atauma bila kutoa sauti. Wenyewe watakwambia "ameuma ghafla tu."

Unachoweza kufanya peke yako ni kupima umbali. Mgeni asimame mbali mpaka mbwa amwone bila kukakamaa. Inaweza kuwa mita 20. Hapo hapo ndipo anapopata ini. Kesho umbali uleule, keshokutwa punguza hatua mbili. Mfundishe kuvaa kifunga mdomo cha kikapu, kile kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana taya, kwa joto letu, kinaweza kumuua, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema.

Simama hapo, mwite mtaalamu kama: meno yameshatoboa ngozi ya mtu, nyumbani kuna mtoto mdogo, mbwa anamkodolea mtoto macho kimya, au wewe mwenyewe unamwogopa. Hilo la mwisho wanaume wa Dar hawalisemi mpaka nimeshakunywa chai mara mbili.

Analinda bakuli

Karibu mara zote kuna mtu aliyezoea kumnyang'anya, ama "kumwonyesha nani mkubwa" ama kwa utani wa watoto. Acheni kumnyang'anya. Pita mbali na bakuli, mrushie kitu kitamu kuliko ugali uliomo, endelea na safari yako. Baada ya wiki kadhaa anayekaribia anakuwa habari njema. Mbwa wawili wale kila mmoja na kona yake. Kama kuna mtoto wa kutambaa, mbwa ale chakula chake nyuma ya mlango uliofungwa tangu leo, na ufanye miadi na mtaalamu. Hili si la kujaribu mwenyewe.

Anavuta kamba, anafukuza bodaboda

Anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha. Kamba ikikaza, simama kama nguzo ya umeme, ikilegea, tembea. Siku ya kwanza hamtafika hata kwa mangi wa kona, na ndivyo inavyotakiwa. Hanesi yenye pete ya kifuani inasaidia kuliko kola ya mnyororo inayonyonga shingo. Bodaboda ni umbali tena: anza barabara ya vumbi isiyo na pikipiki nyingi, lisha kabla hajalipuka, usisubiri mpaka alipuke.

Anatafuna, anachimba, anatoroka

Chini ya miezi saba ni meno. Mpe cha kutafuna na uinue viatu. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama sindano. Anayechimba shimo kivulini na kulalia anatafuta udongo wa baridi, banda lake la bati limekuwa tanuri. Hamisha banda, ongeza maji. Anayetoroka kwa kawaida ni dume lisilohasiwa, au amechoshwa na upweke, au chini ya geti pana nafasi tu. Ziba nafasi kabla ya kuita falsafa. Kuhusu kuku wa jirani nina moja tu: walipe haraka, kisha funga mbwa, kwa sababu akishaonja mchezo ule hatauacha kwa maneno.

Anapagawa na fataki au radi

Mkesha wa Mwaka Mpya na radi za masika ndiyo misimu ya simu hizi. Usimfunge mnyororo usiku huo. Nimeitwa kwa mbwa aliyejinyonga kwenye ukuta akijaribu kuruka. Mwingize stoo au chumba cha ndani, washa redio, kaa naye. Kumbembeleza hakumwongezei uoga. Akiwa ni wa kuvunja milango, muone daktari wa mifugo wiki mbili kabla, kuna dawa. Usimpe vidonge vya usingizi vya binadamu.

Katoka mafunzoni, karudi vilevile

Hapa ndipo hela nyingi inapopotelea. Mbwa anachukuliwa mwezi, anarudishwa akiwa anakaa, analala, anasubiri, video zimejaa kwenye simu. Wiki tatu baadaye kamrukia dada wa kazi na kuangusha sinia la vyombo.

Chanzo cha kwanza: alifundishwa mbwa, hakufundishwa mtu. Nyumba nyingi za Dar bosi ndiye anayelipa, lakini anayemjua mbwa ni anayeshika bakuli na kufungua banda, yaani mlinzi au shamba boi. Mwalimu anakabidhi mbwa kwa bosi saa 1 usiku, wanaonyeshana maneno, anaondoka. Asubuhi anayekutana na mbwa hakuambiwa lolote. Siku hizi sichukui kazi kama mshika bakuli hayumo kwenye somo. Bosi mmoja aliniambia, "Kaka, mimi ninakulipa wewe, yeye atajifunza nini?" Nikampa kamba bosi, akaita mara tano. Mbwa akamtazama mlinzi.

Chanzo cha pili ni maneno. Nyumba moja Mbezi Beach nilikuta baba anasema "sit", mama "kaa", watoto "tulia", mlinzi "we, koma!" Mwalimu aliyepita alikuwa amemfundisha kwa Kijerumani. Mbwa anasikia milio, hana kamusi. Andikeni maneno matano ukutani jikoni: kaa, lala, njoo, subiri, acha. Yawe hayohayo kwa kila mtu, yatamkwe mara moja. Anayesema "kaa, kaa, kaaa, si nimesema kaa" amemfundisha mbwa kwamba neno lenyewe ni la nne.

Cha tatu: mbwa hahamishi somo kutoka mahali mpaka mahali kama sisi. Aliyejua "kaa" kwenye uwanja wa mwalimu hajui bado kwamba "kaa" ipo getini kwako, wala kwamba ipo wakati kuna mgeni. Kila somo lirudiwe upya nyumbani, kuanzia dakika tano kwa siku. Mwalimu asiyekuja nyumbani walau mara mbili tatu baada ya kumrudisha mbwa amekuuzia nusu ya kazi.

Cha nne ni kibaya zaidi: alipigwa. Utamjua kwa anavyokaa. Anakaa haraka, masikio nyuma, tumbo limebonyea, hakuangalii. Uoga ukimwisha, na utii unakwisha. Au unageuka kuwa meno. Huyu asirudishwe alikotoka. Inabidi aanze upya na mtu mwingine, taratibu, na unapohesabu muda hesabu miezi.

Kumpata wa kumlipa

Daktari wa mifugo husajiliwa na Baraza la Veterinari. Mwalimu wa mbwa hasajiliwi huko, kwa hiyo kumpima ni kazi yako. Wapo waliotoka kikosi cha mbwa cha polisi, wapo waliojifunza kwenye kampuni za ulinzi, wapo waliojifunza kwa mbwa wao. Nimewaona wazuri na wabovu katika makundi yote matatu. Mbwa wa doria na mbwa wa familia yenye watoto watatu ni kazi mbili, muulize ameifanya ipi.

Mwombe akuruhusu kutazama somo la mbwa wa mtu mwingine. Akikataa, aga. Akija na fimbo, au akasema ni lazima "umvunje" mbwa kwanza, aga haraka zaidi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, na hata bila sheria, njia hiyo nimekwisha kukueleza inakoishia. Akiahidi kuponya mbwa anayeuma kwa siku saba, huyo ni mganga. Akiuliza maswali mengi, lini ilianza, nani anamlisha, daktari amemwona, huyo mkaribishe ndani.

Ukidhani malipo ya chakula ni ulaini, kumbuka panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA). Hawapigwi. Wanasikia mlio mdogo wa "tik", wanapata kipande cha chakula, na kwa njia hiyo wananusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, mmoja wao, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza. Kama panya ameweza kwa ndizi, mbwa wako ataweza kwa firigisi.

Siku ya somo la kwanza asipewe chakula asubuhi. Chemsha maini ya kuku bila chumvi wala kitunguu, yakate vipande vidogo kama punje za mahindi. Kadi ya chanjo iwe mezani. Na mlinzi wa usiku mwombe abaki saa moja baada ya zamu yake, umlipe saa hiyo.